Folda nzima ya Drive kuiteremsha kwa simu, yawezekana bila kompyuta?

bint_langoni ameuliza:

Assalam aleykum nduzangu, naomba msaada hapa maana kichwa kishaanza kuniuma. Dadangu ameolewa hapa Lamu juzi, alhamdulillah, na yule dada aliyetupiga picha (alitoka Mombasa) kazi yake ameshamaliza akatutumia linki ya Google Drive, ndani mna folda moja kubwa na ndani ya hiyo mna zingine, nikahi mbali, kupamba mbali, nyumbani mbali, na video juu yake. Nikijumlisha zote ni kama GB 13 hivi na video moja peke yake ni GB 5 na kitu.

Sasa shida ni hii. Laptopu sina. Nina simu tu, Samsung ya kawaida, nafasi ya ndani GB 64 na nusu imeshajaa, halafu nimechomeka memori kadi ya GB 32 iko tupu kabisa. Nataka hizi picha ziingie kwa simu ziwe zangu hasa, sio za kufungulia data kila nikitaka kuziona, kwa sababu bibi yetu yuko Faza, kisiwani Pate, na harusini hakuweza kuja kwa ajili ya miguu, nimemuahidi nitampelekea azione zote mpaka achoke, na kule anakokaa mtandao ni wa kubahatisha, ukisimama nje unapata ukiingia ndani umepotea.

Nikifungua app ya Drive nikigusa nukta tatu za picha moja naona pa kudaunlodi, nikigusa nukta tatu za folda naona mambo mengine yote ila hilo silioni. Nikajaribu kuweka offline picha kadhaa, sawa zinafunguka bila data lakini kwa galari hazipo, sijui zimekaa wapi. Na picha ni zaidi ya mia nane jamani, moja moja nitamaliza lini.

Na tafadhali msiniambie WhatsApp, zile za mwanzo alizotuma kwa WhatsApp ukivuta karibu sura zote zimevurugika, hata hina ya bi harusi huioni.


fundi_mkomani:

Wa aleykum salaam, hongereni kwa harusi, Mungu awajaalie kheri.

Simu yako haina ubovu wowote, app ya Drive ya Android ndivyo ilivyo, inakupa kudaunlodi faili lakini folda nzima haikupi. Unaweza kuingia ndani ya folda, ukaikandamiza picha moja mpaka ijichague, ukagusa na zingine, halafu nukta tatu za juu ukadaunlodi kwa mkupuo, lakini lazima uingie kila kifolda peke yake na mwisho wa yote zinamwagwa pamoja kwenye Download, za nikahi na za kupamba zote mahali pamoja, ukae uzichambue tena.

Hiyo offline uliyojaribu ni kitu kingine. Ile picha imeteremka kweli na nafasi inakula, lakini inakaa tumboni mwa app ya Drive yenyewe, galari haiwezi kuiona, na huwezi kuihamishia memori kadi wala kumtumia mtu kwa Xender. Ukiiondoa app, zimeondoka nayo. Kwa hiyo kwa safari yako ya Faza hapo si pa kutegemea.

Njia ya kupata folda nzima bila kompyuta ni kupitia Chrome. Ile linki usiiguse, ukiigusa simu inakimbilia app ya Drive na umerudi pale pale. Ikopi, fungua Chrome, ibandike kule juu kwa anwani. Halafu nukta tatu za Chrome, teremka mpaka palipoandikwa Desktop site, weka tiki. Ukurasa utakuja mdogo mdogo kama wa kompyuta, utavuta kwa vidole. Hapo sasa folda ina pa kudaunlodi. Ukigusa, Google wanaifunga folda yote kuwa zipu kwanza, ikiwa kubwa hivyo inachukua muda wake, usifunge ukurasa ukadhani imekwama. GB 13 haiji zipu moja, inagawanywa vipande, kwa kawaida vya karibu GB 2 kila kimoja, na ile video nene mara nyingi inakuja peke yake nje ya zipu. Kila kipande kinafunguka chenyewe bila kungoja wenzake, ila picha za folda moja zinaweza kutawanyika kwenye vipande viwili vitatu, usishtuke ukiona za nikahi hazijatimia.

Kufungua zipu tumia Files by Google, ni ya bure na simu nyingi inakuja nayo.

Angalizo moja la nafasi: zipu ikiwa GB 2 na ukaifungua, sasa una GB 2 za zipu na GB 2 za picha. Kwa simu yako iliyojaa nusu fungua kimoja, hakikisha picha zimetoka, futa ile zipu, ndio uende kwa kingine.


mkunguni_boy:

mbona mnajisumbua, kuna saiti unabandika linki ya Drive inakushushia folda yote kwa spidi, na kuna app moja ya APK (ya kuweka mwenyewe, sio ya Play Store) iko Telegram haina matangazo. naweza kukutumia


fundi_mkomani:

@mkunguni_boy kakangu hizo saiti ili zifanye kazi lazima uzipe linki au uingie nazo kwa akaunti yako ya Google. Na linki ya nini? Picha za watu za harusi. Na APK ya kuokota Telegram inayoomba ruhusa ya kusoma faili zako zote, mimi simu za namna hiyo naletewa hapa dukani na wenyewe wanalia. Bint usifuate hiyo.


chande_wa_pate:

Mimi naishi upande wa huku unakokusudia kwenda kwa hiyo nasema ninachokijua. Ushauri wa fundi ni sahihi kama uko na waifai iliyotulia. Kwa data ya simu, hasa jioni baada ya isha watu wote wako TikTok, hiyo zipu ya GB 2 itakutoa machozi, kwa sababu zipu ile Google wanaitengeneza pale pale unapoiomba, sio faili iliyokaa mahali inakungoja, ikikatika ikiwa asilimia tisini mara nyingi haiendelei ilipoishia, inaanza moja na bando yako imeshaliwa.

Picha moja ya MB 6 ikikatika umepoteza MB 6. Zipu ikikatika umepoteza gigi. Hesabu ni hiyo tu.

Kwa hiyo ama nenda mahali penye waifai ya kweli, zile cyber za usita wa mui, ile njia kuu ya mji, kuna wenye faiba nzuri, unalipa unakaa na simu yako kwenye chaji, ama tafuta njia ya kuteremsha faili moja moja lakini kazi hiyo aifanye simu, sio kidole chako. Hiyo ya pili wako wanaoijua zaidi yangu.

Na ukija usisahau boti za huku zinafuata maji, ukichelewa pale jeti kwa sababu unangojea daunlodi nahodha hakungojei, maji ya mfereji wa Mkanda yakishatoka yametoka.


dada_malindi:

Kheri zenu Lamu. Mimi niko Malindi nafanya kazi na wageni wanaokuja Marine Park, wakirudi kwao Italia wananitumia mafolda ya picha za chini ya maji, mazito kweli kweli, na mimi kama bint sina laptopu kwa hiyo haya mambo nimeyala chumvi.

Anachosema kaka wa Pate ndio msingi wenyewe. Kwa mtandao unaokatika usichukue zipu, chukua faili moja moja kwa app inayokumbuka imefika wapi. Mimi natumia Round Sync, ni ya bure na haina matangazo, imejengwa juu ya rclone ambayo watu wa kompyuta wanaitumia kuhamisha data. Uzuri wake: unaionyesha folda iliyoko Drive, unaionyesha folda ya kwenye simu unakotaka vitu viende, unaiambia kopi, inashuka na vifolda vyake vyote vikiwa na majina yao vilevile, nikahi itakuwa ndani ya nikahi na kupamba ndani ya kupamba. Mtandao ukikatika unaianzisha tena, inalinganisha, zile zilizofika tayari inazipita, inaendelea na ambazo bado. Hata ukichukua siku tatu kidogo kidogo hakuna kinachopotea, ila ile faili moja iliyokatika katikati ndio inaanza upya.

Sasa sikiliza dadangu, kuna mambo mawili ambayo usiponisikia utarudi hapa kulalamika.

La kwanza, hiyo folda si yako, ni ya yule dada wa picha. Ukiingia na akaunti yako kwa app kama hii kitakachofunguka ni Drive yako wewe, na folda hutaiona. Kwa hiyo kwanza ifungue kwa app ya Drive ukiwa na akaunti yako, gusa nukta tatu za folda, utaona pa kuongeza shotikati kwenye Drive yako. Ukishaiongeza, Round Sync inaifuata ile shotikati mpaka kwenye folda yenyewe. Shotikati haili nafasi yako, zile GB 15 za bure za Google (ambazo unagawana na Gmail na picha zako) zinabaki salama. Lakini pia shotikati si kopi, siku mwenyewe akifuta folda kwake, kwako unabaki na mlango usio na nyumba. Wapiga picha wengi wanafuta wakishakabidhi kazi maana na wao nafasi ni ya kulipia, kwa hiyo muulize ana mpango wa kuiweka mpaka lini.

La pili, na hili ni kubwa, mle ndani utaona kopi na utaona sync. Chagua kopi. Sync maana yake ni kuzifanya pande mbili zifanane, kwa hiyo upande unaopokea kitu kisichokuwepo upande wa pili kinafutwa. Ukikosea mwelekeo, ukaiambia simu yako iliyo tupu ndio asili na Drive ndio ya kufuata, na yule dada alikupa ruhusa ya kuhariri, huenda picha za harusi zikaanza kuondoka kule kwake. Kama amekupa ruhusa ya kuangalia tu hapo umesalimika, huwezi kufuta cha mtu. Kopi haina maneno hayo, inaongeza tu.

Wako wanaopenda CX File Explorer, nayo inaunganika na Drive na ni rahisi zaidi kwa macho, unakandamiza folda unakopi unabandika kama vile uko kwenye simu. Kwa folda zako mwenyewe naipenda, ila kwa safari ndefu ya gigi nyingi na mtandao wa kuja na kwenda mimi siiachi Round Sync.


bint_langoni:

Shukran sana wote, @dada_malindi Mungu akuzidishie, nimeelewa kuhusu kopi na sync. Shotikati nimeshaiona na nimeiweka. Nauliza, ile app inafanya kazi hata simu ikilala? Na fundi, kwa app ya Drive nilipojaribu video ndogo ilikaa tu imeandika inangojea waifai na data nilikuwa nayo, hiyo ni nini?


fundi_mkomani:

Hiyo ni seti ya ndani ya app ya Drive, ingia kwenye mistari mitatu, settings, kuna pa kuruhusu kuhamisha faili kwa waifai peke yake. Imewashwa. Izime kama bando inatosha, lakini kwa GB 13 mimi ningeiacha imewashwa hivyo hivyo, usije ukajikuta umemaliza data ya mwezi kwa usiku mmoja.

Simu kulala: hizi Android zinapenda kuua app zinazofanya kazi kimyakimya ili kuokoa betri. Nenda settings za simu, kwenye betri, tafuta hiyo app uiruhusu isibanwe. Na iweke kwenye chaji. Stima ikipotea router nayo imezima, lakini ndio dada amekwambia, itaendelea ilipofika.


mzee_wa_mui:

Wanangu nimesoma yote na nimefurahi vijana mnasaidiana, lakini kuna jambo hamkuligusa na mimi litanikosesha usingizi nisipolisema.

Bint umesema ndani mna picha za kupamba. Sisi sote twajua kupamba ni nini. Ni ukumbi wa wanawake, wamevua mabuibui, wamejipamba, na mlangoni simu zilichukuliwa zikawekwa kwenye kikapu ili asipige mtu yeyote ila huyo mmoja aliyeaminiwa. Halafu huyo mmoja akaziweka zote kwenye linki. Je, hiyo linki mmeiangalia iko wazi au imefungwa?

Mjukuu wangu alinionyesha namna ya kujua. Ikopi hiyo linki, fungua Chrome kwa ile njia ya siri isiyokuwa na akaunti yako, ibandike. Ikikuomba kuingia na akaunti, imefungwa, alhamdulillah. Ikifunguka moja kwa moja ukaona picha, basi yeyote mwenye linki hiyo anaziona, na linki hutumwa kwenye grupu la familia, na grupu la familia lina shemeji, na shemeji ana grupu lake, sasa haya maji yatazuilika wapi.


bint_langoni:

Mzee nimefanya ulivyosema sasa hivi. Imefunguka 😳 picha zote. Na ilishatumwa kwa grupu mbili.


dada_malindi:

Usihangaike, inarekebishika sasa hivi, ila wewe huwezi, lazima mwenye folda. Mpigie simu yule dada, usimuandikie, mpigie, mwambie aingie pa kushea ya ile folda, palipoandikwa yeyote mwenye linki apabadilishe pawe restricted, halafu aongeze barua pepe za Gmail za wale mnaowataka tu, wewe na bi harusi na mama, awape ruhusa ya kuangalia. Tangu dakika hiyo ile linki iliyozagaa kwenye magrupu inakuwa haina kazi kwa mwingine yeyote. Aliyekwisha kudaunlodi ameshadaunlodi, hapo hakuna dawa, lakini wanaochelewa hawapati.

Bora zaidi mwambie atenge kabisa, folda ya nikahi ya wanaume iwe na linki yake na ya kupamba iwe na yake, kwa sababu watu wa upande wa bwana harusi watataka zao na ni haki yao, lakini sio lazima wapitie chumbani kwenu.

Ila kuna kitu kimoja mtahadharishe. Kwenye seti za kushea za faili kuna pa kuzuia wanaoangalia wasidaunlodi wala kukopi. Watu wakishikwa na hofu wanakizima na hicho, halafu kile kitufe cha kudaunlodi kinapotea hata kwenye Chrome. Kwa hiyo folda aifunge kwa watu, lakini nyinyi mlioruhusiwa awaachie daunlodi mpaka mmalize.


mzee_wa_mui:

Ahsante bintiangu wa Malindi. Umesema vyema.


mkunguni_boy:

sawa nimenyamaza na ile saiti yangu 😅 lakini si angetumia Google Takeout? inatoa kila kitu mpaka unachagua zipu iwe na ukubwa gani


fundi_mkomani:

Takeout ni kwa vitu vya kwako mwenyewe, vya kushewa haikutolei. Huyo dada wa picha angeweza kuitumia kwa Drive yake, bint hawezi. Lakini umejaribu, leo unaongea mambo ya maana.


bint_langoni:

Nduzangu niwape habari. Dada wa picha amefunga folda na hakukasirika, ametenga na zile za wanaume. Nimekaa cyber moja hapa, Round Sync inaenda, picha zote za nikahi zimeshuka na folda yake, galari inaziona mashallah. Stima ilipotea katikati na iliporudi ikaendelea ilipofika kweli.

Lakini ile video ya GB 5 imenishinda sasa kwa namna nyingine. Kwa simu imeingia, nikitaka kuihamishia memori kadi inakataa, inasema nafasi haitoshi na kadi iko tupu! GB 29 zote ziko wazi. Kadi imekufa?


fundi_mkomani:

Kadi haijafa. Kadi za GB 32 kuja chini karibu zote zimepangwa kwa mfumo unaoitwa FAT32, ni wa zamani, na mfumo huo haukubali faili moja inayofika GB 4. Uweke kadi tupu, uweke picha elfu kumi za MB 2 zitaingia, lakini faili moja ya GB 5 inakataa na ujumbe wa uongo wa nafasi. Wengi wanatupa kadi nzima kwa ajili hiyo.

Una njia tatu. Rahisi ni kuiacha hiyo video kwenye nafasi ya ndani ya simu na kuhamishia kadini picha tu, ndio ningefanya mimi. Ama ununue kadi ya GB 64, hizo kwa kawaida zinakuja na exFAT ambayo haina kikomo hicho. Ama uje na hiyo ya 32 hapa Mkomani niipange upya kwa kompyuta iwe exFAT, dakika mbili, Samsung yako itaisoma, lakini kuipanga ni kufuta kila kitu kilichomo kwa hiyo uje nayo ikiwa tupu. Usiipange kwa simu yenyewe, simu itakurudishia FAT32 ile ile.

Na kama unafikiria kuingiza kwenye flashi uchomeke kwenye TV ya huko unakokwenda, hilo nalo liangalie mapema. TV nyingi za zamani zinataka FAT32, exFAT hazisomi, kwa hiyo hiyo video moja itakwama huku na huku. Hapo ikatwe vipande viwili kabla ya safari, CapCut inakata, ila ukihifadhi weka ubora ule ule usije ukaishusha.


chande_wa_pate:

Na wale binamu watakaotaka picha za kwao ukifika, wape kwa Quick Share, simu kwa simu, haitaki bando hata kidogo na picha haishuki ubora. Ile ndio iliyokuwa ikiitwa Nearby Share. Kwa wenye simu ambazo hazina, Xender.

Ukitaka kumtumia mtu aliye mbali picha chache kwa WhatsApp basi mtumie kama document, sio kama picha, hapo haiminywi. Kikomo ni GB 2 kwa faili.


ami_wa_shela:

Nimeingia kwa kuchelewa. Mimi ni mtu wa iPhone na hakuna aliyetugusa. Kwa sisi njia ya Chrome au Safari ya kuomba ukurasa wa kompyuta inafanya kazi vilevile, zipu ikishuka inakaa kwenye app ya Files, unaigusa tu inafunguka yenyewe, tangu iOS 13 iko hivyo, huhitaji app ya pembeni. Kisha unazichagua picha unazihifadhi kwenye Photos.

Swali langu sasa, mimi kazini tunatumia OneDrive, na mke wangu ana Dropbox. Huko folda inakubali?


dada_malindi:

Kwa ami wa Shela: huko wote wawili app zao za simu zina offline ya folda nzima, lakini ni ya wanaolipa. OneDrive inataka uwe na Microsoft 365, kama ya kazini imelipiwa na ofisi basi jaribu, huenda unayo tayari. Dropbox akaunti ya bure inakubali offline ya faili moja moja, folda ni ya mpango wa kulipia. Na kumbuka offline ni ile ile aliyoeleza fundi, inakaa ndani ya app yao.

Asiyetaka kulipa, apitie brauza achukue zipu, na mwenye Android, Round Sync inazifungua zote mbili kama inavyofungua Drive. Kwa iPhone haipo hiyo, itabidi ushirikiane na zipu.